Kasa amenyamaza: namna ya kutafuta hitilafu ya kifaa cha satelaiti

Kifaa cha satelaiti, kile kinachogandishwa kwenye gamba la kasa ili kufuatilia safari zake, kikinyamaza, kila anayepiga simu huuliza jambo moja: kasa amekufa? Mara nyingi kasa mzima anakula nyasi zake huko chini, na kilichokufa ni kifaa. Au kifaa nacho ni kizima, ila hakijui tena kwamba kimetoka majini. Haya ni maelezo kwa wanaofunga vifaa kwenye fukwe zetu, Kiunga hadi Mtwara na visiwani, na kwa wanaobaki ofisini kusoma data asubuhi. Yamepangwa kwa dalili, maana dalili ndiyo unayoanza nayo.

Kwanza, kifaa kinafanyaje kazi. Kikiwa kimegundishwa juu ya gamba, hutuma ujumbe mfupi wa redio, kwenye masafa ya karibu megahezi 401.65, kwenda kwenye satelaiti za mfumo wa Argos ulioanza 1978. Satelaiti zake za siku zote huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 850, zikipita juu ya ncha za dunia. Redio haipenyi maji ya chumvi, kwa hiyo kifaa lazima kitambue kwamba kasa ameibuka kupumua, na kitume papo hapo kabla hajazama. Satelaiti nayo ikipita huonekana kwa dakika kumi hivi tu. Ni lazima mawili yakutane: kasa awe juu ya maji na satelaiti iwe juu ya kasa. Karibu na ikweta satelaiti hizi hupita mara chache kuliko karibu na ncha, basi usijilaumu ukiona mtafiti wa sili wa Aktiki anapata pointi nyingi za kuweka ramanini kuliko wewe.

Na kabla ya kufungua ramani, fungua jedwali. Ramani huwafurahisha wafadhili. Uchunguzi hufanyika kwenye safu ambazo wengi hawazigusi: volti ya betri, hesabu ya mara ambazo kifaa kimetuma tangu kiwashwe, usomaji wa kihisi cha maji, joto, na kina alichozamia kasa. Ukiwa na wiki sita za mwisho za safu hizo, kisa kingi kinajieleza chenyewe. Usipokuwa nazo, utabaki kubahatisha.

Hakijasikika kabisa tangu kasa aingie majini

Uliza lile la aibu kwanza: kiliwashwa? Vifaa vingi huzimwa na kuwashwa kwa sumaku. Vingine hukaa na sumaku imebandikwa ubavuni mpaka siku ya kazi, vingine huwashwa kwa kuipitisha mahali maalumu. Ufukweni usiku, kwa tochi nyekundu na glovu zilizojaa gundi, ni rahisi mtu kuipitisha mara mbili, akakiwasha na kukizima tena bila kujua. Dawa ni kukiwasha siku kadhaa kabla ya safari, kukiweka nje panapoona anga wazi kwa siku nzima, na kungoja ujumbe wake uonekane kwenye akaunti yako ya Argos. Usikiweke dirishani, maana bati na zege huziba anga. Jaribio hilo litakuonyesha pia kama namba ya utambulisho imesajiliwa kwako au bado iko kwa aliyekuuzia.

Jambo la pili ni saa, na hili ni letu hasa. Vifaa hupangwa kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 3. Juu ya hapo tuna saa ya Kiswahili. Mlinzi wa viota akiandika "saa 3 usiku" anamaanisha 21:00 ya Afrika Mashariki, yaani 18:00 UTC. Anayeingiza data akiandika 03:00, kazi imeharibika, na hakuna programu itakayomshtua. Tarehe nayo ina mtego wake: "usiku wa Jumamosi" kwa mzee wa pwani ni ule wa kuamkia Jumamosi, kwa kijana aliyetoka chuo ni ule wa kuamkia Jumapili. Andikeni tarehe zote mbili, 14 kuamkia 15, mmalize ubishi. Kifaa kikiwa kimepangwa kutuma kwa saa chache tu za siku ili kuokoa betri, saa 3 za kukosea zinatosha kukifanya kilale wakati satelaiti zinapita.

Halafu kuna ukimya ambao si hitilafu. Kama kimepangwa kutuma siku moja na kupumzika siku inayofuata, ukimya wa siku moja ni kazi inaendelea. Kasa aliyetoka kutaga naye hupumzika sana chini, kila akiibuka ni kwa sekunde chache. Mpe wiki.

Pointi zinaruka nchi kavu, au kasa anakimbia kama spidiboti

Mfumo wa Argos hukokotoa mahali kwa kupima jinsi masafa ya redio yanavyobadilika satelaiti ikikaribia na kuondoka. Kila pointi huja na daraja lake. Daraja 3 lina kosa la chini ya mita 250, daraja 2 kati ya 250 na 500, daraja 1 kati ya 500 na 1,500, na daraja 0 ni zaidi ya hapo. A na B hazipewi makadirio kwa sababu ujumbe uliopokelewa ni mchache mno, na Z haifai kitu. Kwa kasa, ambaye haonekani juu kwa muda mrefu, A na B ndizo utakazopata kwa wingi. Kwa hiyo pointi iliyoangukia ndani ya mikoko ya Rufiji haimaanishi kasa amepanda mkoko. Anakula kwenye maji ya kina kifupi hapo karibu, na kosa la kilomita moja au mbili limemsukuma nchi kavu.

Chuja kwa mwendo. Kasa anayehama huenda kilomita 2 au 3 kwa saa. Watafiti wengi hutupa pointi yoyote inayodai zaidi ya kilomita 5 kwa saa. Kuna pia pointi kioo: hesabu ya Argos hutoa majibu mawili, moja kila upande wa njia ya satelaiti, na mara mojamoja mfumo huchagua lisilo. Ukiona kasa wa Mafia yuko katikati ya bara kwa mpito mmoja wa satelaiti kisha karudi, ndiyo hiyo.

Vifaa vyenye GPS ya haraka, ile inayonasa anga kwa sehemu ndogo ya sekunde, ni bora zaidi lakini navyo visiaminiwe kibubusa. Pointi iliyotokana na satelaiti 4 za GPS inaweza kupotoka vibaya; zikiwa 6 au zaidi, kosa hushuka hadi makumi ya mita. Soma safu ya idadi ya satelaiti, na safu ya mabaki ya hesabu, yaani kiasi ambacho vipimo havikulingana na jibu; mabaki yakizidi 35, itupe pointi hiyo.

Pointi zinapungua wiki baada ya wiki

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu hukimbilia kulaumu betri. Betri ni mshukiwa mmoja kati ya watatu. Mwaka 2007 mtafiti Graeme Hays na wenzake walipochambua kwa nini vifaa vya wanyama wa baharini huacha kutuma, walikuta vyanzo vinavyotenganishika kwa data za kifaa chenyewe: betri kuisha, kihisi cha maji kushindwa, antena kuvunjika, kifaa kung'oka, mnyama kufa. Ukijua kila kimoja huacha alama gani, nusu ya kazi imekwisha.

Kihisi cha maji ni vituo viwili vya chuma kwenye ubavu wa kifaa. Maji ya chumvi yakiviunganisha, umeme hupita na kifaa husema "nimezama". Kasa akiibuka, maji huteremka, umeme hukatika, kifaa hutuma. Sasa fikiria gamba la kasa aliyekaa miezi sehemu moja. Kwanza unakuja utando laini wa kijani, halafu mwani wenye nyuzi, halafu wale viumbe wenye magamba magumu wanaoganda chini ya kila ngalawa. Utando ule hubaki na unyevu hata kasa akiwa juu. Vituo viwili vimeunganishwa daima, kifaa kinaamini kiko kilindini, na hakitumi. Alama yake ni hii: volti iko vizuri, iko vilevile kwa wiki nyingi, lakini hesabu ya mara za kutuma kwa siku inashuka. Usomaji wa "kavu" unazidi kusogelea ule wa "maji" mpaka tofauti inapotea. Kifaa hakina ugonjwa, kimezibwa.

Antena iliyovunjika husomeka kinyume. Hesabu ya kutuma inaendelea kupanda kama kawaida, maana kifaa kinajiona kinapiga kelele, lakini satelaiti inasikia kidogo sana. Ujumbe mmoja mmoja, madaraja yote B. Ng'amba, kasa wa kwenye miamba, ndiye bingwa wa kuvunja antena kwa sababu hujipenyeza chini ya miamba na kujikuna gamba. Kwa kasa jike, dume akimpanda msimu wa kujamiiana, kifaa kinabanwa katikati, na hiyo ni sababu nzuri ya kuwafunga majike wanapokaribia kumaliza msimu wa kutaga.

Betri, mwisho. Betri za lithiamu ni za kudanganya: volti hubaki palepale karibu maisha yote halafu huporomoka kwa muda mfupi. Tazama volti inayopimwa wakati wa kutuma, siyo wakati wa kupumzika. Kama inashuka kila kifaa kinapotuma, na pengo linakua, siku zimehesabika. Jihadhari na jambo moja: betri iliyokaa kabatini muda mrefu hujijengea utando ndani, ikashuka volti siku za mwanzo kisha ikapanda yenyewe. Ukiona hivyo wiki ya kwanza, acha.

Kuna dalili ya nne isiyoandikwa sana, na kwetu ina maana kwa sababu ya mito. Kihisi kimepangwa kwa maji ya chumvi. Kasa akikaa mbele ya mdomo wa mto mkubwa wakati wa masika, maji ya juu huwa yamechujuka chumvi, na kifaa kinaweza kujiona kikavu kikiwa bado ndani ya maji. Kitatuma ovyo, hesabu itapaa, ujumbe utakaopokelewa utakuwa kiduchu, na betri italiwa bure. Kabla ya kumfunga kasa unayetarajia atakula karibu na delta, muulize mtengenezaji kama kizingiti cha kihisi kinarekebishika.

Kwa yote haya, ukweli mchungu ni kwamba kifaa kikishazama hakuna cha kukarabati. Dawa ni ya kifaa kijacho. Paka rangi ya kuzuia viumbe, ile ya chini ya boti, kwenye mwili wa kifaa na gundi iliyokizunguka. Manahodha wetu wamepaka deheni kwa sababu hiyohiyo tangu zamani. Ila rangi nyingi za aina hiyo zina shaba, na shaba hupitisha umeme. Ikigusa vituo vya kihisi, umetengeneza kwa mkono wako ile hitilafu uliyotaka kuizuia. Ziba vituo kwa utepe kwanza, paka, subiri ikauke, kisha ubandue utepe. Andika kwenye daftari kwamba umebandua.

Kimekatika ghafla, na kila safu ilikuwa nzuri

Volti nzuri, kihisi safi, pointi za jana zimejaa, leo hakuna. Ramani ndiyo inayosema hapa. Pointi za mwisho zikiwa kwenye maji yanayotegwa jarife, una haki ya kuwa na wasiwasi: kasa aliyenaswa huzama na wavu, hawezi kuibuka, na kifaa hakipati nafasi ya kutuma hata mara moja. Zikiwa kwenye miamba, fikiria antena iliyokatika mara moja. Lakini ukimya peke yake si cheti cha kifo. Kwenye ripoti andika "kimeacha kutuma" na tarehe, basi.

Angalia pia kilichotokea kwa gundi. Kifaa kilichong'oka na kuzama na kipande cha epoksi hunyamaza sawasawa na kasa aliyenaswa. Gundi hushindwa kwa sababu zinazojulikana: gamba halikukwanguliwa mwani wote, halikupigwa msasa, au lilipakwa likiwa bado na unyevu na chumvi. Kwangua, piga msasa, futa kwa asetoni, acha likauke kabisa, na usiliguse tena kwa kidole. Epoksi hupata joto inapoganda, kwa hiyo paka tabaka jembamba, acha, ongeza. Bonge moja nene linaweza kuunguza tishu zilizo chini ya gamba. Kasa azuiwe kwenye boksi la mbao lisilo na kitako, na ni baada ya kumaliza kutaga usiku huo, siyo kabla. Atarusha mchanga kwa mapezi ya mbele muda wote, na mchanga ukiingia kwenye gundi mbichi ndio mwanzo wa ufa. Mtu mmoja ashike kitambaa, kazi yake iwe mchanga tu. Noa, aina nyingine ya kasa, ni habari nyingine: hana gamba gumu, gundi haishiki ngozi yake, na kifaa hufungwa kwenye mgongo wa katikati kwa utaratibu unaohitaji daktari wa wanyama.

Kinasema kupita kiasi

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko ukimya. Ujumbe mchana kutwa, madaraja 3 na 2 yamejipanga, hakuna kuzama hata mara moja. Kasa mzima hawezi kukupa data nzuri hivyo. Kuna mambo matatu: kifaa kinaelea peke yake, kasa anaelea mgonjwa au mfu, au kifaa kiko nchi kavu.

Joto hutenganisha nchi kavu na bahari. Maji ya juu ya pwani yetu hucheza kati ya digrii 25 na 30 hivi mwaka mzima. Ukiona safu inayosema digrii 23 alfajiri, 44 saa 8 mchana, 31 jioni, na kesho yake vilevile, kifaa hicho kiko juani, pengine juu ya bati. Kasa anayetaga naye hukauka, lakini ni usiku, kwa saa moja au mbili, kisha anarudi majini, na kwa kasa wa kijani hujirudia baada ya kama wiki mbili.

Mkondo hutenganisha kinachoelea na kinachoogelea. Nje ya miamba, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Kaskazi ikivuma hulegea, na huko mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, yote yakageukia mashariki. Pointi zinazokwea kaskazini mwezi wa Julai zinaweza kuwa chochote, hata ndoo. Zinazoshuka kusini mwezi huohuo, kwenye maji hayohayo, zina misuli nyuma yake.

Kikiwa kijijini, usitangulize polisi. Kasa analindwa na sheria Kenya na Tanzania, na aliyekiokota anajua hivyo. Akiona gari la serikali, kifaa kitatupwa chooni. Pitia BMU ya eneo (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), mtumie mtu anayefahamika, uliza kifaa, usiulize nyama. Wengi wamekiokota tu ufukweni. Ndiyo maana kila kifaa kinapaswa kuwa na maandishi yanayosomeka: namba ya simu, neno zawadi, na ahadi kwamba kifaa hakirekodi sauti wala picha. Yawe kwa Kiswahili, na pia Kisomali na Kiarabu. Kasa hawajui mipaka yetu: mmoja wa kasa wa kijani waliofungwa vifaa kisiwani Diego Garcia mwaka 2012 alisafiri karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia, na duvi (aina nyingine ya kasa) wachanga walioachiwa kisiwani Réunion wameonekana wakielekea kaskazini upande wa Oman.

Hasogei

Miezi mitatu kwenye duara la kilomita chache? Amefika kwake. Hapo ndipo anapokula, na hapo ndipo utando wa kijani utakapoanza.

Chipu haisomeki

Chipu ya utambulisho ya chini ya ngozi, ya ukubwa wa punje ya mchele, haina betri wala haitumi chochote mpaka msomaji (mashine ya kuisoma) aisogelee. Isiposomeka, kwanza hakikisha msomaji wako anasoma kilohezi 134.2 na pia 125, maana miradi ya zamani ilitumia aina tofauti. Pitisha polepole, bega la kulia na la kushoto, juu na chini ya pezi, kwa sababu chipu huhama ndani ya nyama. Ondoa saa ya mkononi na uepushe msomaji na pete za chuma za pezini. Usichome ya pili kabla ya kumaliza hayo, la sivyo kasa mmoja atakuwa na majina mawili kwenye kumbukumbu.

Kifaa kimerudi mkononi

Bahati hiyo ikitokea, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kipige picha pande zote kabla ya kukwangua chochote, na pima urefu uliobaki wa antena. Usifungue betri, lithiamu na maji havipatani. Mtengenezaji anaweza kutoa kumbukumbu iliyomo ndani, na mara nyingi ina kupiga mbizi na pointi za GPS ambazo satelaiti hazikupata nafasi ya kuzichukua. Na kabla hujakifungia kwenye droo, kizime kwa sumaku. La sivyo wiki ijayo kuna mtu atakupigia kwa furaha kwamba kasa wako ameonekana tena, yuko hai, daraja 3, na yupo ofisini kwako.